Nyumba ya Kizota Inauma

28 Novemba

Hamida kaninunulia kaunta buku. Kasema, "Baba Tabu, hili jambo la nyumba kila kitu uandike. Ukiongea unaongeza chumvi. Ukiandika, labda mkono utachoka kabla ya uongo."

Basi naandika. Mimi Shaaban, mtu wa Kondoa. Shule nilifika darasa la tano nikakutana na mwalimu wa hesabu, nikageuza. Nauza zabibu msimu wa zabibu, viatu vya mtumba msimu wa viatu, na maneno mwaka mzima. Miaka kumi na moja tumepanga Zuzu na sasa mwenye nyumba anataka vyumba vyake. Viwanja Dodoma siku hizi havishikiki. Ila Kizota kuna nyumba ya zamani inauzwa, imejengwa sijazaliwa. Mbele nyumba kubwa, uani vyumba sita vya wapangaji. Hivyo sita ndiyo pensheni yangu.

30 Novemba

Tumekwenda kuiona. Anayeuza ni Ebenezer, kairithi kwa marehemu baba yake, anafanya kazi ofisini Chamwino. Ananukia marashi mpaka nzi wa uani walisogea kumpisha.

"Boss wangu, nyumba iko solid. Tofali hizi huzipati tena."

Kapiga rangi mpya. Nikapitisha mkono ukutani nikakuta uvimbe. Mende. Kapakwa rangi na miguu yake sita, yuko pale kama pambo.

"Ndugu Ebenezer, na huyu anauzwa pamoja na nyumba?"

Akacheka. Akamng'oa kwa kalamu yake, halafu kalamu ileile akairudisha mfuko wa shati. Baadaye nikamuona anaing'ata kofia huku anawaza bei. Hamida akatoka nje kutema mate.

Swichi ni zile nyeusi za duara. Soketi zimeungua, njano kama meno ya mvuta tumbaku. Nikauliza umeme vipi.

"Umeme? Kuna familia sita huko nyuma zinatumia kila siku. Umesikia mtu kalalamika?"

Uani tulimkuta mama mmoja anaitwa Raheli, anapika maandazi ya kuuza. Alikuwa anaanua nguo kwa fimbo. Nguo moja moja, anainyanyua kwa fimbo, anaidondosha kwenye beseni.

Nikamtania. "Dada, mikono umeisusa?"

Akamtazama Ebenezer kwanza. "Mazoea tu, kaka."

4 Desemba

Ebenezer kaleta fundi umeme wake, Cornel. Kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Hakufungua kitu. Alibonyeza swichi, taa ikawaka.

"Imewaka. Sasa unataka iimbe?"

Nikacheka sana. Akasema wayaringi ya zamani ndiyo yenyewe, shaba nzito ya enzi za ujamaa, siyo hizi nyuzi za buibui za sasa, ukiing'oa umetupa dhahabu. Mimi nikampenda palepale, maana alisema ninachotaka kusikia. Hamida kasema mtu anayekagua waya kwa miwani ya jua huyo anakagua mfuko wako.

9 Desemba

Jua. Viatu havijauzika. Hamna habari.

13 Desemba

Mvua ya kwanza. Zuzu nzima inanuka vumbi lililolowa. Harufu nzuri, ya mwisho kuinusa mwezi huu, nadhani.

15 Desemba

Hamida kaniletea fundi wake, mzee Gerson, mtu wa Kibakwe, mfupi, kimya, ana ndevu kama brashi iliyochakaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ngazi iko wapi?"

Hiyo ndiyo hotuba yake yote ya asubuhi. Akazima umeme, akatoboa dari, akapanda. Akaniita. Sitasahau. Harufu ya mkojo wa popo ilinipiga kama kofi la mwalimu. Mavi ya popo yamejaa mpaka mbao hazionekani. Nilishuka nikatapika nyuma ya choo, nikamwambia ni zabibu mbichi nilizokula. Akasema, "Panda tena, hujaona."

Nikapanda. Akashika waya, ngozi yake ikamegeka mkononi kama ukoko wa ugali. Shaba ikabaki uchi. Maungio yamefungwa kila aina ya takataka: nailoni ya maziwa, kipande cha kanga, na pengine, naapa, plasta ya kidonda, ile yenye pamba katikati. Kwenye kona kuna panya kakauka, meno bado yameshika waya. Kafa anakula. Sijui ni wa mwaka gani, ila anatabasamu kama Ebenezer.

"Mzee, lakini shaba ya zamani si imara?"

"Shaba haina neno. Ngozi ndiyo imekufa. We unaweza kutembea bila ngozi?"

Tukashuka kwenye boksi la fyuzi. Hamna fyuzi. Kuna msumari. Mtu kachukua msumari wa kuezekea bati kauweka mahali pa fyuzi, maisha yakaendelea.

Mzee Gerson akaukodolea macho muda mrefu. "Kazi ya fyuzi ni kufa ili nyinyi mpone," akasema. "Msumari haufi."

Akawasha umeme tena, akazunguka kuta zote anazigusa kwa mgongo wa kiganja. Nikamuuliza kwa nini asiguse kama watu. Akasema umeme ukikukuta kwa ndani ya kiganja, vidole vinafunga, unaukumbatia. Kwa mgongo, mkono unaruka wenyewe. Ukuta wa mbele ukamrusha kidogo. Wa uani ukamrusha zaidi.

"Ukinunua, ng'oa yote. Mbele mpaka nyuma. Usibakize hata futi moja."

Nikamwambia mzee, hiyo ni nyumba ya pili tunajenga. Akafunga mkoba wake.

16 Desemba

Nimeoga mara tatu. Bado nasikia popo.

22 Desemba

Ebenezer kapiga simu. Kuna mteja mwingine, haulizi maswali. Nikamwambia kuhusu msumari. "Boss, huo msumari una miaka ishirini. Kitu kisichoharibika miaka ishirini unakiitaje kibovu?"

Nikakata simu. Ndiyo ubaya wa kuacha shule mapema, majibu yanakuja umeshakata simu.

2 Januari

Leo naandika vibaya.

Tulikwenda na Hamida kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Ndiyo, mapazia. Nyumba hatujanunua, mke wangu keshaivalisha. Saa tisa mvua ikaja bila salamu. Sasa nyumba ya uani ina sheria yake: mvua ikija, aliyepo anaanua nguo za wote, huulizi za nani. Hamida kakulia uani. Alitupa futi akakimbia.

Kamba ya pale ni waya wa chuma, umefungwa kwenye msumari pembeni ya bati. Hamida akashika kanga iliyolowa pamoja na waya.

Hakupiga kelele. Ndiyo kitu kinanitisha mpaka sasa. Alisimama akatoa sauti ndogo, kama mtu anataka kupiga chafya haiji. Mimi nilikuwa mlangoni, nikamwambia, "Mama Tabu, acha kucheza unalowa." Nilimtania mke wangu anakufa.

Raheli ndiye aliyetoka na mwiko wa ugali. Alimpiga Hamida kwenye kifundo cha mkono, pa! ugali ukaruka, na tena, pa! Mkono ukaachia. Hamida akaanguka kwenye tope. Nikataka kumwinua, Raheli akanisukuma kifuani. "Usikanyage hapo! Pita huku!"

Kiganja kimebabuka mstari mzima. Anapumua. Alipofungua macho alisema, "Kanga ya watu imechafuka."

Wapangaji walitoka milangoni wakatazama. Hakuna aliyeshtuka. Mmoja akasema, "Pole jamani. Kwani hakuambiwa?" Kama mtu kaingia kwenye nyumba ya mbwa mkali bila kuuliza. Raheli akanieleza: waya wa darini unagusa bati, bati linagusa kamba, kiangazi hausikii kitu, mvua ikinyesha unauma. Ndiyo maana ya fimbo. Walimwambia marehemu, wakamwambia mwanawe. Jibu lilikuwa asiyeridhika ahame.

Nikampigia Ebenezer palepale, tope limenijaa mpaka masikioni.

"Aisee, pole sana. Lakini hiyo ni mvua tu, boss. Mvua ikiisha na yenyewe inaisha."

"Na watu wanaokaa hapa?"

"Wapangaji wanajua."

Wapangaji wanajua. Nimetema mate mara ngapi na hilo neno bado liko mdomoni.

3 Januari

Zahanati wamemfunga Hamida mkono, wakasema ana bahati. Nimenunua kamba ya plastiki, nimekwenda kufunga uani na ule waya nimeuzika. Raheli kanipa maandazi manne kwa ajili ya mgonjwa. Nilikula moja njiani. Mawili.

11 Januari

Mvua. Zabibu zimeanza kuiva, kazi nyingi, mikono inanata.

19 Januari

Nilidhani Hamida hataki tena kuisikia Kizota. Leo anamenya viazi kwa mkono mmoja, akasema, "Nyumba haijakosa. Wamekosa wenyewe. Nunua, halafu ng'oa waya wote."

"Mama Tabu, hiyo nyumba ilitaka kukuua."

"Na mama mwenye nyumba wetu hapa ananiua kila mwezi. Bora ile ya Kizota ina tiba."

Nikampigia Ebenezer, nikashusha bei kwa ajili ya mkono wa mke wangu. Akakubali haraka mno. Hilo nalo linachefua. Alikuwa na bei ya watu kuumia tayari mfukoni.

8 Februari

Tumeandikishana serikali ya mtaa, mashahidi wakasaini. Ebenezer akaomba kusema neno. Akasema nyumba hii imelea watu na anatukabidhi ikiwa na baraka za baba yake. Akafuta jicho. Mimi nikawa natazama ile kalamu. Akanipa nisainie nayo. Nikasaini kwa ncha mbili za vidole.

Mwenye nyumba! Mimi, Shaaban! Wapangaji wamekubaliana kuniita baba mwenye nyumba. Siku nzima nimetembea kama bata.

20 Februari

Mzee Gerson kaleta orodha ya vifaa vya nyumba nzima. Nimeisoma mpaka mwisho, nikatamani ningeacha shule darasa la kwanza. Hela ya zabibu na ya viatu haifiki. Inafika nusu.

Nikamwomba apunguze. Akasema, "Nusu sifanyi. Nikisaini nusu, nimesaini kifo cha nusu nyingine."

Mkali huyu mzee. Maneno kama ya msibani.

24 Februari

Nimekutana na Cornel kwa wauza chipsi. Miwani ileile. Akasema rahisi tu: "Piga wayaringi mpya mbele mnakokaa nyinyi. Uani waachie ya zamani. Kamba si umeshabadilisha? Wale wameizoea."

Nimefikiri siku nzima. Ni kweli kamba nimebadilisha. Na hela ya uani itakuja na msimu mwingine. Nimempa kazi. Hamida nimemwambia tunaanza na mbele. Sijamwambia tunaishia wapi.

1 Machi

Ramadhani imeanza. Tumehamia, tunalala sebuleni. Cornel anachimbua kuta, vumbi linaingia mpaka kwenye uji wa futari. Nikisujudu napata saruji.

7 Machi

Mabomba mapya ya kupitishia waya yamefika ukuta wa nyuma na yakakatwa hapo. Safi kabisa, kama mstari wa mpaka.

11 Machi

Niandike leo leo, maana kesho nitaipamba.

Mvua imenyesha usiku kucha. Asubuhi nimekwenda uani kuangalia kama bati la Raheli linavuja. Akasema, "Karibu, baba mwenye nyumba, pita katikati."

Nikafikiri ni heshima. Nikaingia. Kitanda chake kimewekwa katikati ya chumba. Ukitaka kufika jikoni unakizunguka. Kabati katikati, ndoo katikati, watoto wawili wamelala juu ya kitanda wamebanana kama pipi. Kuta zote nne hazina kitu, zimelowa, zinateleza ukungu wa kijani, zinanuka kama kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa.

"Dada, mbona umepanga kama unahama?"

"Hapana. Si ni msimu wa mvua? Mtoto akigeuka usingizini akagusa ukuta, unamng'ata. Mvua zikiisha tunasogeza vitu."

Nikatoka, nikapiga hodi chumba cha pili. Kitanda katikati. Cha tatu, katikati. Vyote sita. Watu wanaishi kwenye vyumba vyao kama kisiwani. Na mimi toka Novemba napita hapa natania watu kuhusu fimbo.

Nikarudi kwa Raheli. Nikasema umeme wa uani tutautengeneza, ila baadaye kidogo.

"Haina shida, baba mwenye nyumba," akasema, mikono kwenye unga. "Sisi tumezoea."

Hakunisuta. Angenisuta ningemjibu, mimi kwa majibu sijambo. Alisema kwa adabu, kama siku ile mbele ya Ebenezer. Mkono uliomtoa mke wangu kwenye kamba, huo unakanda unga, na mimi nasimama mlangoni kwake nasema baadaye kidogo.

Nimekwenda chooni nikatapika na saumu yangu. Safari hii sina zabibu ya kusingizia. Yule mende wa rangi, wale popo, yule panya, wote niliwanusa nikaona uchafu ni wa watu. Nilipoona mabomba yamekatwa ukutani nikasema safi. Kwa kalamu yangu. Neno liko hapo juu, tarehe saba, na kalamu haifuti.

Jioni nikamwambia Hamida yote, na ya Cornel. Aliendelea kukoroga uji mpaka tukafuturu. Halafu akaninyooshea kile kiganja chenye mstari.

"Hela imebaki kiasi gani?"

"Kidogo. Na waya za sebuleni bado hazijavutwa."

"Basi zipeleke uani."

"Halafu sisi?"

"Sisi tutazoea."

12 Machi

Nimemfukuza Cornel. Kanivulia miwani kwa mara ya kwanza. Macho madogo sana.

"We jamaa umerogwa. Unawapa wapangaji umeme wewe ukae gizani?"

"Sasa unataka niimbe?"

Nimekwenda kwa mzee Gerson kwa miguu. Shikamoo tatu. Akaniacha nimesimama, akamaliza kula, akanawa.

"Nyuma kwanza?" akauliza.

"Nyuma kwanza, yote. Mbele ukate kabisa, usiache kitu kinachopita umeme, mpaka Mungu atakaponipa."

"Marahaba," akasema. Hata sikuwa nimeamkia mara ya nne.

14 hadi 26 Machi

Tope, vumbi, saruji, popo. Tumetoa mifuko tisa ya mavi ya popo. Mkulima mmoja wa Zuzu kaja kuichukua kama mbolea, kashukuru. Kila mtu na riziki yake. Mzee Gerson kang'oa waya wote wa zamani na ule msumari, akatazama kuta za Cornel akacheka, mara moja tu, kama kukohoa. Wapangaji walinuna wiki mbili kwa kukosa umeme. Mmoja kahama, kasema Ebenezer alikuwa afadhali, kwake hata kama unauma unawaka.

27 Machi

Watu wa umeme wamekuja, wakapima, wakasaini. Uani umewaka. Mzee Gerson kaita wapangaji wote watazame, akagusa kila ukuta. Kwa ndani ya kiganja. Akakibandika hasa.

Raheli alitazama, akashukuru. Kitanda hajasogeza. "Siyo kama sikuamini, mzee," akasema. "Acha mvua moja inyeshe kwanza."

31 Machi

Idi mubarak. Pilau la kuni.

2 Aprili

Mvua kubwa kuanzia asubuhi. Usiku nimesikia vitanda vya uani vinaburuzwa kurudi ukutani, kimoja kimoja, kama ngurumo ya pili. Hamida kasimama dirishani anahesabu. Vilipofika vitano akaenda kulala.

5 Aprili

Jua linazama, sebuleni kwangu giza, kuta zina mitaro kama shamba la karanga, mtoto wetu Tabu anasomea kibarazani. Simu imezima na kuna mnunuzi wa zabibu wa Dar kasema atapiga baada ya magharibi. Uani kunang'aa, redio tatu zinagombana.

Nikameza aibu, nikapiga hodi.

"Nani?"

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba gani anatembelea giza?" Vyumba vyote vikacheka.

"Raheli, naomba kuchaji simu."

Akafungua mlango, akaniangalia mimi, akaiangalia chaja, akatoa kipande cha boksi nyuma ya mlango kimeandikwa majina matano kwa kalamu ya mkaa.

"Karibu sana. Ila hapa umeme wa luku tunanunua kwa kuchangiana, baba mwenye nyumba. Nakuandika wa sita."